Kazi Isiyosomwa Ndiyo Inayonunuliwa: Ufisadi wa Kitaaluma Vyuoni na Njia za Kuudhibiti

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Bungoma na kurudiwa Kitale. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa; maneno ambayo mzungumzaji aliwaambia wasikilizaji moja kwa moja yamebakizwa.)

  

Kabla sijaanza nitoe ahadi mbili. Ya kwanza, sitataja chuo chochote cha eneo letu kwa kukilaumu, kwa sababu ugonjwa ninaouzungumzia hauna anwani moja. Nikitaja jina la chuo, itakuwa ni kwa jambo lililokwisha kuwekwa wazi mbele ya umma. Ya pili, sitahubiri. Vijana wetu wamehubiriwa uadilifu tangu shule ya msingi, na wizi wa mitihani haukupungua kwa mahubiri.

Kusudi langu ni kuonyesha jambo moja tu: kwamba ufisadi wa kitaaluma hustawi mahali ambapo kazi ya mwanafunzi haisomwi. Karatasi ya mtihani inayosahihishwa kwa kupapasa, mradi wa utafiti unaopimwa kwa unene wa jalada, tasnifu ambayo msimamizi anaiona kwa mara ya pili siku ya kuitia saini: hivyo ndivyo vitu vinavyouzika. Hakuna mtu anayenunua kazi akijua kwamba kesho ataketi mbele ya watu wawili walioisoma yote. Nitaifikia hoja hiyo kwa hatua saba, kisha nijibu mapingamizi mawili.

1. Sura ni nyingi, lakini kinachouzwa ni kimoja

Tukisema ufisadi wa kitaaluma, wengi huwaza mwakenya: kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya soksi, au siku hizi simu iliyofichwa chooni. Hiyo ndiyo sura ndogo kuliko zote. Ipo ya mtu kumkalia mwenzake mtihani. Ipo ya mradi wa mwaka wa nne unaonunuliwa saiba, jina likabadilishwa, eneo la utafiti likahamishwa kutoka Kimilili hadi Kiminini, na takwimu zikabaki zilezile. Ipo ya alama zinazopotea, kisha zinapatikana baada ya mwanafunzi kutoa kitu kidogo. Ipo ya mhadhiri anayelazimisha darasa zima kununua kijitabu chake, na orodha ya walionunua ndiyo inayogeuka orodha ya waliofaulu. Ipo ya msimamizi anayeweka jina lake kwenye makala ambayo hakuandika hata aya moja. Na ipo iliyo mbaya kuliko zote, rushwa ya ngono, ambayo nitairudia.

Mnaona kwamba wahusika hubadilika: mara mwanafunzi, mara mhadhiri, mara karani wa ofisi ya mitihani, mara profesa. Lakini bidhaa ni ileile. Chuo kikuu kina kitu kimoja tu cha kuupa umma, nacho ni ushahidi. Kinaposema, "Huyu tumempima, anajua," kinatoa ushahidi mbele ya nchi nzima. Anayeuza alama anauza ushahidi wa uongo. Tofauti yake na shahidi mwongo mahakamani ni kwamba huyu wa mahakamani aliapishwa kwanza.

2. Mtu mmoja ana kazi nne

Mwaka 1988 mwanauchumi Mmarekani Robert Klitgaard alichapisha kitabu kuhusu namna ya kudhibiti ufisadi, na ndani yake akatoa kanuni iliyopata umaarufu: ufisadi ni sawa na ukiritimba, ukijumlisha uhuru wa kuamua, ukitoa uwajibikaji. Alikuwa akifikiria zaidi ofisi za kodi, forodha na polisi. Nawaomba tuiweke kanuni hiyo juu ya somo moja la chuo kikuu tuone itakaaje.

Nani hufundisha somo lile? Mhadhiri fulani. Nani hutunga mtihani? Yeye. Nani husahihisha? Yeye. Nani huingiza alama kwenye mfumo? Mara nyingi ni yeye, au mtu aliyemtuma. Huo ndio ukiritimba. Je, anaweza kumpa mwanafunzi alama 38 au 42 bila kuulizwa? Anaweza, huo ndio uhuru wa kuamua. Na ikiwa mwanafunzi anadhani ameonewa, analalamika kwa nani? Kwa mkuu wa idara, ambaye ni rafiki wa mhadhiri na wanakunywa chai pamoja. Hapo uwajibikaji umekwisha.

Linganisheni na mtihani wa KCSE. Mwalimu aliyekufundisha hatungi mtihani wako. Anayesimamia chumba hasahihishi. Anayesahihisha hakujui wewe wala mwalimu wako. Mtihani wa shule ya upili, pamoja na kashfa zake zote, umegawa kazi hizo kwa watu tofauti wasiojuana. Chuo kikuu, ambacho ndicho kiti cha juu cha elimu, kimezirundika kwa mtu mmoja na kuliita jambo hilo uhuru wa kitaaluma. Uhuru wa kitaaluma ni wa kusema ukweli bila hofu. Haukuwekwa ili mtu atoe alama bila shahidi.

3. Wanafunzi wameongezeka, macho ya kusoma hayakuongezeka

Mwaka 1990 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vinne vya umma: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Kijana wa Kitale au Bungoma aliyetaka shahada alisafiri. Leo, ukihesabu na vyuo vishiriki, vya umma vimepita thelathini. Sisi wenyewe ni mashahidi wa ukuaji huo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kule Kakamega kimebeba jina la mzee aliyezaliwa upande huu wa Kimilili na kuwakilisha Cherangany, kwa hiyo Bungoma na Trans Nzoia tunamdai sote. Kibabii kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kikapata hati yake ya kujitegemea Novemba 2015. Hii ni heri kubwa. Binti ambaye baba yake asingeweza kumpangia chumba Nairobi sasa anasoma akirudi nyumbani kwa matatu.

Ila ukuaji huo ulikuja na hesabu yake. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingi vilijifunza kuitegemea pesa ile. Matawi yakafunguliwa mijini, mengine juu ya maduka na mabaa. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza matawi kadhaa yafungwe kwa kukosa viwango. Madarasa yalipojaa, walioajiriwa kufundisha wakawa wengi wao wa muda, wanaolipwa kwa somo, na malipo hayo huchelewa miezi na hata miaka. Mhadhiri wa muda asiyelipwa ana silaha moja tu mkononi: alama. Huzishikilia. Mwanafunzi anakosa kuhitimu kwa ugomvi asioujua, kisha anatokea mtu wa katikati mwenye kusema, "Nipe kitu nikakuongelee."

Wenye ajira ya kudumu nao wana yao. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya kipindi cha 2017 hadi 2021. Sisemi kwamba deni linahalalisha wizi. Nasema kwamba mwajiri anayelipa makubaliano ya 2017 mwaka 2025 hana sauti ya kudai kazi isahihishwe kwa wakati.

Mhadhiri mwenye karatasi 600 za kusahihisha kwa wiki mbili hasomi. Anatafuta maneno aliyoyatazamia na kupiga vema. Wanafunzi wanalijua hilo kabla yake. Ndipo soko linapozaliwa.

4. Soko liko nje ya lango

Msinitazame hivyo, wanafunzi, makomredi wangu. Mnajua ninakokwenda.

Kenya inajulikana duniani kwa kuandikia wanafunzi wa nchi nyingine kazi zao. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo mwaka 2019, na mwaka 2024 ikatoka filamu iitwayo The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, mtaalamu wa sosholojia mwenye asili ya Kenya ambaye ni profesa Oxford, anawafuata vijana hao. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 iliyofanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai katika England. Lakini chumba chenye kompyuta mbili na kahawa nyeusi usiku wa manane, wakati Wamarekani wanakaribia saa yao ya kukabidhi kazi, kiko Roysambu, kiko Eldoret, na kiko mitaa ya hapa kwetu.

Tuseme haki: kijana huyo hakukosa akili. Anaweza kusoma makala ishirini juu ya uuguzi wa wazee na kuandika kurasa kumi kwa usiku mmoja, kwa somo ambalo hajawahi kulisomea. Huyo ndiye mtafiti tuliyemhitaji. Tulimfundisha, tukamwacha bila kazi, akauza kipaji chake ili mtu mwingine apate sifa ya kuwa nacho. Kisha, kwa kuwa maarifa ya biashara hayana mpaka, akaanza kuwaandikia na wa hapa nyumbani: miradi, mapendekezo ya utafiti, hata tasnifu za uzamili za watu wenye vyeo.

Upande wa pili wa soko ni cheti chenyewe. Sote tunajua maana ya kusema karatasi ya mtu "imetoka River Road": ni ya kughushi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba, katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wapatao 28,000 kutoka taasisi 195, vyeti 2,067 vilikuwa vya kughushi. Tanzania walitangulia: Aprili 2017, Rais Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti bandia.

Njaa hii ya karatasi tumeilisha wenyewe. Sheria yetu ya uchaguzi inamtaka mgombea wa ugavana awe na shahada. Mwaka 2022 nchi nzima ilifuatilia mjadala wa shahada ya mgombea mmoja wa Nairobi, ambayo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliitambua, kisha siku chache baadaye ikaufuta utambuzi huo, na mgombea akabaki kwenye karatasi ya kura. Kila mzazi aliyesikia habari ile alijifunza somo, nalo si somo tulilotaka afundishwe.

5. Anayelipa si aliyenunua

Mwaka 2015 kaunti hii ya Bungoma ilipata umaarufu kwa matoroli kumi yaliyonunuliwa kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Naona mnacheka, na mna haki ya kucheka, maana tumetaniwa kwa hilo kutoka Busia hadi Lamu. Lakini angalieni: kwa toroli tulikasirika, tukaandika, tukadai majibu. Kwa shahada iliyonunuliwa hatukasiriki. Tunakwenda kwenye mahafali yake, tunakula kuku, tunampigia vigelegele.

Ninyi wa Trans Nzoia mnakumbuka msimu wa kupanda wa 2024, mbolea ya ruzuku ilipogunduliwa kuwa bandia. Gunia lilikuwa zuri, limechapwa vizuri, lina uzito wake kamili, na mkulima aliliinua kwa furaha. Kwa aliyeitumia, udongo ndio uliotoa jibu, na haukulitoa siku ya kununua. Shahada ya kununua hufanya kazi vivyo hivyo. Aliyeipokea haoni hasara siku ya mahafali. Hasara humfikia mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Wamalwa Kijana pale Kitale akapewa dozi na mtu asiyejua kukokotoa. Humfikia mtoto wa Kopsiro anayefundishwa hisabati na mwalimu aliyenunua hisabati yake. Humfikia mwenye nyumba iliyopasuka ukuta kabla ya kupakwa rangi.

Na wapo wanaolipa ndani ya chuo kwenyewe. Wa kwanza ni mwanafunzi mwaminifu aliyekesha akapata alama 61, akamwona aliyelala amepata 68. Wa pili ni msichana aliyeitwa ofisini saa kumi na mbili jioni "kuzungumzia alama zake". Hapo naomba ukumbi utulie kidogo.

Mwaka 2019 waandishi wa BBC walionyesha dunia rushwa ya ngono katika vyuo vya Nigeria na Ghana. Huko Tanzania, sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kwa jina lake, na TAKUKURU, taasisi yao ya kupambana na rushwa, ilifanya utafiti juu ya jambo hilo katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamwadhibu mwenye mamlaka anayemsumbua kingono aliye chini yake, na kifungo chake hakipungui miaka mitatu isipokuwa mahakama itoze faini. Tatizo halikuwa kukosa sheria. Msichana anajua kwamba anayemtaka ndiye atakayeamua kama atahitimu, na kwamba hakuna mtu wa pili atakayeiona karatasi yake. Mpe mtu wa pili wa kuisoma, na nguvu ya mhadhiri yule imepungua nusu siku hiyohiyo.

6. Tuliyokwisha kujaribu na yaliyotufunza

Tusijifanye kwamba nchi hii haikuwahi kushinda vita vya namna hii. KCSE ya 2015 ilivuja kiasi kwamba matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Machi 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na marehemu Profesa George Magoha akapewa uenyekiti. Karatasi zikawekwa kwenye makontena ya chuma chini ya ulinzi, wakuu wa shule wakazifuata wenyewe kila asubuhi ya mtihani. Waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 walikuwa 141. Hata anayebishana na njia zilizotumika hawezi kubishana na anguko hilo.

Wengine wakasema: basi tupeleke makontena vyuoni. Hapana. Kontena linazuia karatasi isitoke kabla ya wakati. Halimzuii mtu aliyeitunga, anayeisahihisha na anayeandika alama. Makerere, jirani zetu wa Uganda, mwaka 2017 walijikuta na kashfa ya alama zilizobadilishwa ndani ya mfumo wa kompyuta. Mtihani haukuvuja, kilichobadilishwa ni kumbukumbu.

Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitoa shahada za uzamivu 118 kwa mahafali moja. Chuo kilijitetea, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaagizwa ichunguze. Swali kubwa lililoulizwa lilikuwa rahisi: nani alizisoma tasnifu zile? Viwango vya Tume vya mwaka 2014 vilisema msimamizi asizidishe wanafunzi watatu wa uzamivu na watano wa uzamili kwa mwaka. Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya kelele. Kelele zilikuja kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Funzo ni hili. Msako hukamata waliokwisha kununua. Uhakiki wa vyeti hupata walioghushi karatasi, lakini hauwezi kumpata mwenye cheti halali kilichopatikana kwa njia haramu, maana jina lake limo ndani ya kumbukumbu za chuo, limeandikwa kwa wino mzuri. Huyo anaweza kuzuiwa idarani tu, kabla ya alama kuandikwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

7. Njia za kudhibiti

Sasa nije kwenye dawa. Sitapendekeza tume mpya. Napendekeza mambo sita ambayo idara yoyote, iwe ya chuo kikubwa au tawi dogo, inaweza kuyaanza muhula ujao.

Kwanza, karatasi zibebe nambari badala ya majina, na sehemu ya karatasi za kila somo isahihishwe na mhadhiri wa pili kabla ya alama kuingizwa. Mtahini wa nje tunaye tayari kwa kanuni, lakini mara nyingi huletwa kwa siku mbili, akapewa chakula na karatasi zilizochaguliwa. Achague mwenyewe.

Pili, anayesahihisha asiwe ndiye anayeingiza alama, na kila badiliko kwenye mfumo liache kumbukumbu ya nani alibadilisha, saa ngapi na kwa idhini ya nani. Orodha ya mabadiliko isomwe katika kikao cha bodi ya mitihani, mstari kwa mstari. Karani anayejua kwamba orodha ile itasomwa hadharani hana bidhaa ya kuuza.

Tatu, kila mradi wa mwisho utetewe kwa mdomo. Dakika kumi na tano zinatosha. Mwulize mwanafunzi, "Ulimhoji nani Chwele? Siku hiyo mvua ilinyesha? Kwa nini umetumia dodoso badala ya mahojiano?" Aliyefanya kazi atajibu hata kwa kugugumiza. Aliyenunua atatazama dari.

Nne, idara ibandike ukutani majina ya wasimamizi na idadi ya wanafunzi wa kila mmoja, na tasnifu zote zilizopita ziwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na wawili ataonekana na bawabu. Vivyo hivyo kwa kupandishwa cheo: badala ya kuhesabu makala, ambayo huweza kulipiwa kwenye majarida yasiyo na mhakiki, kamati isome makala mbili ambazo mwombaji mwenyewe anaona ndizo bora, na imhoji.

Tano, tuitumie sheria tuliyonayo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi iwe na taratibu za kuzuia hongo. Inamtaka mwenye mamlaka, mkuu wa idara akiwamo, atoe taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 akijua au akishuku kwamba hongo imetolewa. Na inamwadhibu anayemtisha mtoa taarifa. Ni wangapi kati yetu wakuu wa idara tuliwahi kukisoma kifungu hicho? Sioni mikono. Basi tukisome, na kila chuo kiweke afisa wa kupokea malalamiko asiye mhadhiri wa kitivo kinacholalamikiwa.

Sita, wahadhiri wa muda walipwe kabla ya alama kudaiwa. Chuo kisichoweza kumlipa mwalimu wa somo kisilifungue somo hilo. Hili linaonekana kama jambo la fedha, lakini ndilo linalofunga mlango mpana kuliko yote.

Mapingamizi mawili

Wengine mtasema: hatuna watu wala pesa za kusoma mara mbili. Najibu kwamba tunazo pesa za kusoma vibaya mara moja. Mtihani wenye maswali mawili ya kufikiri badala ya matano ya kukariri husahihishwa kwa muda mfupi, na ni mgumu kuuibia. Tupunguze wingi wa majaribio yasiyo na maana, tupate saa za kusoma yaliyobaki.

Wengine mtasema: ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 ilimaliza mjadala, sasa kila mtu ana mwandishi wake mfukoni. Ni kweli kwamba akili bandia imelitikisa hata soko la wale vijana wa usiku. Lakini tusikimbilie programu za kunusa na kuzifanya hakimu. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu hizo huwatuhumu bila haki watu wanaoandika Kiingereza kisicho lugha yao ya kwanza, na hao ndio sisi. Mashine haiwezi kumsomea mhadhiri. Wala haiwezi kuketi kitini na kujibu swali kuhusu mvua ya Chwele. Zile dakika kumi na tano za mdomo zinatosha kwa mwandishi wa saiba na kwa mashine vilevile.

Mwisho

Mwenyekiti, muda umekwisha, nami namaliza kwa kuomba.

Kwenu wakuu wa vyuo: muhula ujao chagueni idara moja tu, jaribuni mambo haya sita, na mtangaze matokeo hata kama yataaibisha. Waliofeli wakiongezeka mwaka wa kwanza, msiogope. Taifa lilizoea A 141 na halikuanguka.

Kwenu wazazi wa Kitale na Bungoma: kabla hamjauza ng'ombe ili mtoto "asaidiwe" kumaliza, mwulizeni amesoma kitabu gani muhula huu na kilisema nini. Akishindwa kueleza, pesa ya ng'ombe haitamtosha.

Kwenu makomredi: dai lenu la kwanza kwa chuo lisiwe chakula wala intaneti, ingawa hayo ni haki yenu. Daini karatasi zenu zirudishwe zikiwa na maandishi ya mtu aliyezisoma. Mwanafunzi akidai kusomwa, mhadhiri atalazimika kusoma.

Na kwetu wahadhiri: tunaweza kuanza na rundo lililo mezani kwetu wiki hii, bila barua kutoka Nairobi. Tulisome lote, kisha tumwite mwenzetu alisome tena.